Mtoto mwenye kifafa akizubaa, usiharakishe kumwita mvivu

Mzazi, mtoto wako mwenye kifafa amemaliza miezi kadhaa bila kuanguka, ukamshukuru Mungu. Lakini mwalimu wa duksi analalamika kwamba aya aliyoihifadhi jana leo hana, na shuleni wanasema ni mvivu. Hapa Garissa wengine humchapa, wengine humpeleka kusomewa atolewe jini. Dua haina ubaya, ila chanzo nacho kitafutwe.

Kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto hunyamaza ghafla katikati ya maneno, macho yakakodoa, kope zikachezacheza. Baada ya sekunde 10 hivi anaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Likimpata hili mara kadhaa katika somo moja, hesabu ataielewaje? Si lazima usafiri hadi Nairobi kutafuta mashine ya kupima umeme wa ubongo ndipo uanze kusaidiwa. Daktari humwambia mtoto apumue kwa nguvu, kama anayepuliza makaa, kwa dakika 3, na mwenye kifafa hiki mara nyingi huzubaa papo hapo. Usijaribu nyumbani.

Ikiwa ndicho, dawa nazo zitazamwe upya. Kabamazepini, nzuri kwa aina nyingine za kifafa, huweza kukizidisha hiki.

Fenobabitali ni ya bei nafuu na imewafaa wengi. Hata hivyo huwafanya watoto wengine wasinzie, na wengine, ajabu, wasitulie hata dakika moja. Ukiona hivyo rudi hospitalini ukiwa na chupa ya dawa. Usiikatize mwenyewe: kuacha ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokatika, nacho huua.

Wakati mwingine tatizo ni ubongo wenyewe. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kuacha jeraha linaloleta kifafa na pia kudhoofisha kumbukumbu. Mtoto kama huyo ataendelea kusahau hata dawa ikifanya kazi vizuri.

Tazama na usingizi pia, hasa Ramadhani, watoto wanapokesha hadi daku. Kukosa usingizi huchochea kifafa, na asubuhi darasani hashiki kitu.

Fimbo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na kwa mtoto huyu haitibu lolote. Mwalimu amketishe mbele, ampe agizo moja moja, na kila azubaapo aandike saa na muda uliopita. Karatasi hiyo ije kliniki pamoja na mtoto.