Mcheza Kwao Hutunzwa, na wa Dzaleka Je?

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kanuni za vyuo vya sanaa za maonyesho zinavyomgusa mwanafunzi mkimbizi, kwa kutumia mfano wa Dzaleka na Lilongwe nchini Malawi. Mfano huu unatuhusu kwa sababu Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika sana Dzaleka, na pia kwa sababu sehemu ya tatizo lenyewe imo katika kazi yetu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la kisiasa la utawala wa Kamuzu Banda. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni maneno ya mfungwa aliyekoma, yaani 'sitarudia tena'. Kitenzi chake ni 'kuleka', ambacho kwa Kichewa ni kuacha. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Wengi wao wanatoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine Ethiopia na Somalia. Eneo lililokusudiwa watu 10,000 hivi sasa lina zaidi ya 50,000.

Watu hao hawakuja na mizigo tu, bali pia na sanaa zao. Wapo wapigaji ngoma wa Kirundi, wanamuziki wa rumba, washairi na waigizaji. Mwaka 2014 mshairi wa Kikongo anayejulikana kwa jina la Menes La Plume alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi, na tangu hapo wasanii na watazamaji kutoka Lilongwe na nchi za nje wamekuwa wakiifuata sanaa hukohuko Dzaleka. Swali letu ni hili: je, msanii huyo anayetazamwa na wageni anaweza kuwa mwanafunzi wa sanaa mjini? Tuangalie kanuni tatu ambazo kwa kawaida huongoza vyuo vya aina hii.

Kwanza, udahili. Vyuo vingi vya sanaa humpima mwombaji kwa njia mbili: usaili, ambapo huimba, hucheza au hupiga ala mbele ya jopo, na vyeti vya shule. Katika usaili msanii wa Dzaleka hana cha kuogopa. Ngoma za kifalme za Burundi, kwa mfano, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nazo hurithishwa kwa kuona na kuiga, si kwa daftari. Ugumu uko kwenye vyeti. Mwombaji wa Malawi ana cheti cha MSCE, lakini Mkongo ana Diplôme d'État iliyoandikwa kwa Kifaransa, tena kama hakuipoteza njiani. Cheti hicho ni lazima kitafsiriwe na kulinganishwa kabla ya kupokelewa. Hivyo mtu anaweza kushinda mbele ya jopo na kukwama mbele ya karani.

Pili, mahudhurio. Mwanafunzi wa historia akikosa kipindi ataazima daftari la mwenzake. Mwanafunzi wa sanaa hana daftari la kuazima, maana somo lenyewe ni mwili wake ukiwa pamoja na miili ya wenzake. Mpigaji mmoja asipofika, kikundi kizima hakifanyi mazoezi. Ndiyo maana vyuo vya sanaa huwa vikali kuhusu mahudhurio kuliko vyuo vingine, na ukali huo una sababu ya haki. Aidha, maisha ya mwanafunzi wa sanaa hayaishii darasani. Mazoezi ya kikundi mara nyingi huanza jioni vipindi vinapokwisha, na maonyesho huwa usiku.

Sasa mweke mkazi wa Dzaleka katika ratiba hiyo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikakataa kubanwa na baadhi ya vifungu, vikiwemo vinavyohusu ajira, elimu na uhuru wa kwenda mtu atakako. Kutoka kambini kunahitaji kibali. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huo polisi waliwakamata wengi Lilongwe. Kwa hiyo kuchelewa kwa kibali, au minibasi ya mwisho kuondoka kabla ya mazoezi kwisha, huandikwa chuoni kuwa ni utoro. Kanuni haijui tofauti kati ya aliyelala na aliyezuiwa.

Elimu ya mbali imesaidia kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2010, kupitia mpango wa Wajesuiti, wakazi wa Dzaleka wamesoma masomo ya chuo kikuu kwa mtandao bila kutoka kambini, na baadhi yao walitunukiwa stashahada ya Regis University ya Marekani. Lakini insha hutumwa kwa kompyuta. Kwaya na ngoma haziendi hivyo. Kwa sanaa, ama mwanafunzi aende kwa mwalimu, ama mwalimu aende kwa mwanafunzi.

Tatu, lugha. Kanuni za vyuo nchini Malawi huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesomea Kongo au Burundi huzisoma kwa macho ya Kifaransa, na hapo maneno yanayofanana humpoteza. Kwa Kifaransa 'passer un examen' ni kufanya mtihani tu, hali 'pass' ya Kiingereza ni kufaulu. 'Assister' ni kuhudhuria, lakini 'assist' ni kusaidia. 'Répétition' ni mazoezi ya maonyesho, lakini 'repetition' ni kurudia. Anayesoma hivyo kifungu cha mahudhurio au cha mtihani anaweza kuamini kwamba ameelewa, kumbe sivyo. Kosa la namna hii ni baya kuliko kutoelewa kabisa, kwa sababu aliyeelewa vibaya haulizi.

Sheria ya kambi haimo mikononi mwetu. Hata hivyo, yapo mambo matatu tunayoweza kuyafanya. Moja, tufundishe lugha ya kanuni katika masomo ya matumizi ya lugha na tafsiri, tukitumia vifungu halisi vya udahili, mahudhurio na rufaa. Mbili, wanafunzi wetu wa tafsiri watayarishe faharasa fupi ya istilahi hizo kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kwa Kiswahili kinachoeleweka na Mkongo pia, si Mtanzania peke yake. Tatu, tuwashauri wenye vyuo watenganishe katika kanuni zao 'kutohudhuria' na 'kuzuiwa kuhudhuria', na wafikirie kumpeleka mwalimu na jopo la usaili Dzaleka. Tamasha la Tumaini limekwisha kuonyesha kwamba barabara ya Lilongwe hadi Dzaleka hupitika pande zote mbili.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Aliyepoteza kwao bado anacheza, na anachohitaji kwanza ni kanuni anayoweza kuisoma, kuielewa na kuitimiza. Walimu na wanafunzi wenye mifano ya istilahi kama hizi wanakaribishwa kuileta idarani ili kazi ya faharasa ianze.