Kikomo cha Muda katika Miamala: Somo la Vizibo kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Katika Nyahanga, mjini Kahama, mtoto wa darasa la sita hahitaji kuelezwa maana ya kutuma fedha kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, kabla yeye hajazaliwa. Amemwona mama yake akilipia gunia la mchele, au akipokea fedha kutoka kwa ndugu aliyeko machimboni. Ameiona pia simu ikinyamaza kabla ya jibu kurudi, na watu wazima wakibishana: tutume tena, au tusubiri? Atakayekosea hapo huenda akalipia gunia moja mara mbili. Katika makala haya tutaeleza kinachotokea wakati wa kimya kile, na jinsi mwalimu awezavyo kukifundisha kwa vizibo vya soda.

Maana ya muamala

Muamala ni kazi yenye sehemu kadhaa ambazo sharti zitimie zote, ama isitimie hata moja. Fedha ikitoka kwa mnunuzi isimfikie muuzaji, hapana malipo ila hasara. Katika mabenki na makampuni makubwa, kazi hiyo husimamiwa na seva ya programu. Seva hupokea ombi, huiagiza hifadhidata, yaani daftari kuu la hesabu, ipunguze huku na kuongeza kule, kisha huthibitisha. Kazi ikiendelea, hesabu zinazohusika hufungwa ili mwingine asizivuruge. Ndiyo maana seva hupewa kikomo cha muda: kikipita kabla ya kazi kuthibitishwa, yote yaliyokwisha kufanyika hubatilishwa. Seva ya WebLogic huja ikiwa imepangiwa sekunde 30, WebSphere 120, na WildFly 300. Namba hizo si amri. Fundi hupima kwanza kazi yake, ndipo akazibadili.

Matayarisho

Tafuta makopo mawili, vizibo 40 na daftari. Weka vizibo vyote katika kopo la mnunuzi. Chagua wanafunzi wanne: Mteja, Karani, ambaye ndiye seva, Mtunza Daftari, ambaye peke yake hugusa makopo, na Mhesabu Muda, atakayehesabu kwa sauti. Waliobaki wapange foleni nyuma ya Mteja. Kila agizo ni kuhamisha vizibo 10.

Hatua za somo

1. Bila kikomo. Mnong'oneze Mtunza Daftari asimame na vizibo mkononi bila kuviweka popote. Foleni itaanza kunung'unika. Uliza: ni nani anayemzuia nani?

2. Vikomo vilivyopinduka. Mteja asubiri hadi hesabu ya 10, Karani hadi 30. Mtunza Daftari amalize kwenye 20. Mteja atakuwa ameondoka, akidhani kazi imeshindikana. Arudi aagize upya. Waache wanafunzi wahesabu wenyewe vizibo vilivyohama. Watakuta 20.

3. Vikomo vilivyopangwa. Mtunza Daftari apewe 10, Karani 20, Mteja 30. Safari hii Mtunza Daftari akichelewa, atakiri kwenye 10, Karani ataamuru vizibo virudishwe, na Mteja atapata jibu la kweli kabla hajaondoka.

Usiitaje kanuni mapema. Baada ya hatua ya tatu wanafunzi wataitamka wenyewe: anayesubiri awe na subira ndefu kuliko anayesubiriwa.

Hitimisho

Hata vikomo vikipangwa vizuri, jibu lenyewe laweza kupotea njiani. Kwa hiyo rudia mchezo mara ya mwisho: kazi itimie, lakini Karani azuiwe kumfikia Mteja. Uliza darasa: Mteja afanye nini? Wengi watasema atume tena. Mwonyeshe daftari. Kila muamala uandikwe humo kwa namba yake, na Mteja aulize kwanza habari za namba hiyo, au atazame salio lake. Mwanafunzi akienda nyumbani akijua kwamba kimya si sawa na kukataliwa, somo limefika.