Osteopathia: Namna Tiba ya Mikono Inavyofanya Kazi na Mipaka Yake

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha ulemavu duniani. Miongoni mwa tiba zinazotafutwa na wenye maumivu hayo ni osteopathia, ambayo hutolewa kwa mikono bila dawa wala upasuaji.

Tiba hii iliasisiwa nchini Marekani mwaka 1874 na daktari Andrew Taylor Still, ambaye mwaka 1892 alifungua chuo cha kwanza mjini Kirksville, jimbo la Missouri. Msingi wake ni kwamba mifupa, misuli, viungo na mishipa hufanya kazi kama mfumo mmoja, hivyo hitilafu ya sehemu moja huweza kuathiri nyingine.

Mtaalamu huanza kwa kumhoji mgonjwa, kisha humtazama anavyosimama, anavyoinama na anavyogeuka, na kupapasa sehemu zenye maumivu. Baada ya hapo huchua misuli iliyokaza, hunyoosha viungo taratibu na, pale inapofaa, husukuma kiungo kwa haraka na kwa umbali mdogo. Mlio unaosikika wakati huo si wa mfupa kurudi mahali pake, bali hutokana na gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo.

Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016 unaelekeza kuwa tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno itumike tu ikiambatana na mazoezi. Aidha, hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inatibu maradhi yasiyohusu mifupa na misuli. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1993 inamzuia asiyesajiliwa kujiita mtaalamu wa osteopathia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa huduma za tiba hizo. Ni vyema mwananchi akaomba kuona cheti cha usajili kabla ya kuhudumiwa.

Hata hivyo, si kila mgongo unaouma unafaa kukandwa. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito au kutokwa jasho usiku yanaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia haja huweza kuonesha kuwa mishipa ya fahamu imebanwa. Mwenye dalili hizo anashauriwa kufika hospitali mara moja, kwani kuchelewa kunaweza kusababisha kupooza.