Kumfundisha Mtoto Kuanzia Pale Alipofika

Aghalabu mwalimu aliyekabidhiwa darasa moja la watoto wengi huwa, kwa hakika, amekabidhiwa madarasa matatu, maana yumo asomaye hadithi kwa wepesi, yumo atatizwaye na silabi, na yumo ambaye herufi hazijamwelea. Na maadamu mtaala na mtihani humhimiza asonge mbele, yeye husema na wale wa mbele, na waliosalia hukaa kimya mwaka baada ya mwaka.

Dhuluma hii isiyokusudiwa na mtu ilidhihirika magharibi mwa Kenya, ambako Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule zilizogawiwa vitabu vya kiada. Natija yao, iliyotolewa mwaka 2009, ni kwamba vitabu havikuinua wastani wa alama. Walionufaika ni wale waliokuwa hodari tangu awali, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi.

Magharibi huko huko, kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walizitazama shule 121 zilizopata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza: katika baadhi watoto waligawanywa kwa kura, katika nyingine kwa kadiri ya alama zao. Wengi wangalidhani ya kuwa walio nyuma, wakitengwa na hodari, watazidi kudidimia; kumbe baada ya miezi 18 makundi yote mawili, la juu na la chini, yaliwapita wenzao waliochanganywa, kwa kuwa mwalimu, kwa rai ya watafiti, alipata kulinganisha somo na uwezo wa wanaomsikiliza.

Hata hivyo mimi naona salama zaidi njia ya jumuiya ya Pratham ya India, maana kundi la kudumu hugeuka kuwa jina, na mtoto huishi kwa jina aliloitwa. Wao humpima kila mtoto kwa mdomo, dakika chache tu, kama anajua herufi, neno, aya au hadithi, kisha huwakusanya watoto kwa kiwango hicho bila kujali umri, kwa muda maalumu wa siku, na aendeleaye huhamishwa kundi. Huko India walimu waliopewa mafunzo matupu, bila saa ya kazi hiyo, walirejea upesi kwenye mtaala. Lakini katika jimbo la Haryana, serikali ilipoitenga saa hiyo kila siku na wakaguzi wakaifuatilia, usomaji wa watoto ulipanda.