Mashine ya Kulainisha Maji na Joto la Kaskazi: Kweli au Uongo?

Umeshaambiwa mengi kuhusu maji ya kisima. Kwamba yanaharibu nywele, yanaua hita, yanajaza mawe kwenye figo, na kwamba ukinunua ile mashine yenye matangi mawili, moja refu jembamba na jingine la kutia chumvi, shida zote zimekwisha. Muuzaji ana yake, fundi ana yake, na jirani hakosi la kuongeza. Kuanzia Mombasa hadi Mtwara joto hubana Desemba na halilegei hadi Machi. Watu huoga asubuhi, mchana na usiku, nguo hufuliwa kila uchao, na mashine hufanya kazi kuliko miezi mingine yote. Kabla hujamwita fundi, tuzipime hizo hadithi.

“Mashine hii inageuza maji ya chumvi yakawa matamu.”

Uongo, na kwa maoni yangu ndio uongo wenye hasara kubwa kuliko yote yatakayofuata. Maji magumu ni kitu kimoja na maji ya chumvi ni kingine, hata kama kisima chako kimejaliwa yote mawili. Ugumu unatokana na kalsiamu na magnesiamu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale, na mvua ikipenya humo hubeba kalsiamu. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la Mombasa ni ndugu wa jiwe la matumbawe lililojenga Mji Mkongwe wa Unguja. Chumvi nayo ina njia yake: kisima kilicho karibu na ufuko kikivutwa kupita kiasi, bahari hujipenyeza chini kwa chini.

Sasa tazama kilichomo ndani ya lile tangi refu. Ni punje ndogo za resini, aina ya plastiki, zilizoshika sodiamu. Maji yakipita, punje hunyakua kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Zikishiba, mashine huvuta maji ya chumvi kutoka tangi la pili, huzisafisha, humwaga uchafu, kisha kazi huanza upya. Ni kubadilishana tu: kinatoka hiki, kinaingia kile. Kloridi, ambayo ni nusu ya pili ya chumvi ya bahari, hupita kama ilivyokuja. Kwa hiyo chai iliyokuwa na ladha ya bahari itabaki nayo, na sodiamu ndani yake itakuwa imeongezeka. Anayetaka kuondoa chumvi anahitaji mtambo wa utando, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupitia kichujio chembamba mno. Bei yake ni nyingine, na matunzo yake ni mengine.

Kwa sababu hiyo hiyo, msomaji wa Arusha asiitegemee mashine hii kwa floridi. Haiigusi. Kule kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa, na hiyo ni kazi tofauti kabisa.

Ukitaka kujua kisima chako kina ugonjwa gani, chukua chupa mbili. Moja tia maji yako, nyingine tia maji ya betri. Kwaruza kipande kidogo cha sabuni ya mche, gawa sawa, tikisa. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu. Maji ya betri yakifura povu na yako yakabaki na utando mweupe unaoelea, ni magumu. Maabara itakupa namba: chini ya miligramu 60 za kalsiamu kaboneti kwa lita ni maji laini, zaidi ya 180 ni magumu sana.

“Wakati wa joto maji ya kisima huwa magumu zaidi.”

Kweli kwa visima vingi vya ufukweni, ingawa joto lenyewe halina hatia. Mvua za vuli zikikatika, maji mapya ya kuchanganyikana na ya zamani hupungua, huku pampu zikivuta zaidi. Bahari nayo hupata nafasi ya kusogea, na maji ya bahari yana ugumu wa zaidi ya miligramu 6,000 kwa lita, mwingi wake ukiwa magnesiamu. Hata tone dogo linasikika. Wazee waliosema kisima “hubadilika ulimi” kiangazi walikuwa wameonja vizuri.

Jambo la kufanya ni kupima upya mvua hizo zikikatika na kurekebisha namba ya ugumu kwenye kichwa cha mashine. Kama yako huhesabu siku badala ya lita, punguza siku kati ya kujisafisha na kujisafisha. Iliyopangiwa familia inayooga mara moja kwa siku itazidiwa na familia hiyo hiyo ikianza kuoga mara tatu.

“Chumvi ikionekana tangini, hakuna wasiwasi.”

Uongo. Unyevu wa pwani hushikamanisha chumvi ya juu ikawa gamba gumu, na chini yake pakabaki uwazi. Ukifunua kifuniko unaona tangi limejaa, kumbe maji ya chini hayaigusi chumvi na mashine inajisafisha kwa maji matupu. Dalili yake ni sabuni kukataa povu ilhali chumvi haipungui wiki hadi wiki. Chukua mpini wa ufagio, sukuma taratibu katikati. Ukigota kisha ukazama ghafla, gamba ulikuwa nalo. Usitumie nondo, utatoboa tangi.

Kinga yake ni kutolijaza hadi juu. Tia chumvi kidogo kidogo, isizidi theluthi mbili za tangi, na ufunike vizuri. Angalau mara moja kwa mwaka acha ipungue, komba tope la chini, suuza. Kabla ya kaskazi ndio wakati wake.

“Chumvi ni chumvi tu.”

Nusu kweli. Kwa kemia, ndiyo: resini inataka sodiamu, haiulizi imetoka Gongoni, Bagamoyo au Uvinza. Ila chumvi ya bahari isiyosafishwa huja na mchanga, na pia magnesiamu ile ile unayolipia kuiondoa. Magnesiamu hiyo ndiyo pia huifanya chumvi ivute unyevu na kulowa yenyewe gunia likiwa bado limefungwa. Chumvi laini ya mezani nayo hugeuka uji chini ya tangi. Iliyo bora ni ya vidonge au mawe masafi, iliyooshwa. Ukikosa, chumvi ya mawe nyeupe inafaa, mradi ukubali kuliosha tangi mara nyingi zaidi.

“Weka magadi, yanalainisha kuliko chumvi.”

Ndani ya mashine: uongo, na wa hatari. Magadi yana sodiamu kaboneti, nayo ikikutana na kalsiamu iliyoshikwa na punje hutengeneza chokaa pale pale. Utakuwa umejijengea ukuta ndani ya tangi.

Kwenye sufuria na beseni, hata hivyo, bibi alikuwa mkemia. Maharage ya zamani yakipikwa kwa maji magumu hugoma kuiva kwa sababu kalsiamu hukaza ile gundi ya asili inayoshikilia seli zake. Magadi huifunga kalsiamu na kulegeza gundi, maharage yanaiva, mkaa unabaki. Majivu ya kuni hufanya kazi ya aina hiyo hiyo, na ndiyo maana waliofulia kwa maji ya majivu hawakuwa wakifuata ushirikina. Tahadhari ni mbili tu: magadi yakizidi hupunguza vitamini B1, na baadhi yake yana floridi nyingi, kwa hiyo anayeishi ukanda wenye floridi kwenye maji asiongeze nyingine chunguni.

“Jua kali huyeyusha punje za resini.”

Uongo. Resini ya kawaida huhimili maji yenye joto kuliko yatakayowahi kutoka kwenye bomba lako. Kinachoshindwa ni vitu vinavyoizunguka: vali, mipira na ganda la plastiki, ambavyo watengenezaji wengi huviwekea mwisho wa nyuzi 43 hadi 49. Bomba jeusi lililolala juu ya bati mchana wa Februari linaweza kufika huko. Ijengee mashine kivuli na ufunike bomba. Adui halisi wa resini ni klorini nyingi, pamoja na chuma, ambacho huzipaka punje rangi ya kutu. Kama kisima chako huacha doa jekundu kwenye sinki, tafuta kichujio cha chuma kitangulie.

“Maji magumu yanaleta mawe kwenye figo.”

Uongo, kwa ushahidi uliopo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya. Joto lina kesi ya kujibu zaidi: ukitoka jasho bila kunywa vya kutosha, mkojo huwa mzito na mawe hupata pa kuanzia. Kunywa maji, magumu au laini.

“Basi yaliyolainishwa hayafai kunywewa.”

Yanafaa kwa wengi, si kwa wote. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 yakilainishwa yote hupata sodiamu kama miligramu 138 kwa lita, karibu na iliyomo kwenye slesi moja ya mkate. Mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, wawe na bomba lisilopitia mashine. Bomba hilo hilo litumike bustanini. Sodiamu huziba udongo na kuchosha mimea, na kiangazi unamwagilia kila jioni.

“Sumaku kwenye bomba inatosha.”

Uongo. Haiondoi kalsiamu hata chembe. Tuendelee.

“Tangi liko juu ya paa, na umeme ukirudi mashine inaendelea yenyewe.”

Uongo mara mbili. Mashine huvuta maji ya chumvi kwa nguvu ya mkondo unaopita kwenye tundu dogo, na nyingi zinahitaji takriban bar 1.4 au zaidi. Kila mita 10 za kimo hutoa kama bar 1, kwa hiyo tangi lililo mita 4 juu ya mashine linatoa bar 0.4 tu. Bila pampu ya kuongeza nguvu, mashine hujisafisha kwa jina.

Umeme nao ukikatika, saa za mashine nyingi husimama, isipokuwa zile zenye kuhifadhi muda. Nyingi hupangwa kiwandani zijisafishe saa 8 usiku. Mgao wa saa sita ukiwapitia, itaanza saa 2 asubuhi, wakati watoto wako bafuni na maji yanayofika ni magumu. Angalia saa yake kila baada ya umeme kurudi, na hakikisha pampu na mashine vina umeme kwa wakati mmoja.

“Tulisafiri sikukuu nzima, haikutumika, kwa hiyo ni safi.”

Uongo. Mashine haiui vijidudu, na maji ya uvuguvugu yaliyolala wiki kadhaa kwenye punje huwapa makao. Ukirudi, iamuru ijisafishe kwa mkono, kisha fungua kila bomba la nyumba dakika chache. Ikitoa harufu, fuata maelekezo ya kitabu chake kuhusu dawa, wala usimimine jiki kwa kukadiria: klorini ikizidi itaila resini.