Kipimo cha Damu si Hukumu ya Mgonjwa

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga wetu. Wala hawakunena kwamba kila wingu ni mvua. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na kila aliyepata kuketi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, akaambiwa kwamba damu ya mzee wake inaganda vibaya, kisha akabaki na karatasi yenye tarakimu asizozielewa. Aghalabu karatasi hiyo hupigwa picha ikatumwa kwa jamaa wote, na kabla ya magharibi nyumba imekwisha kugawanyika: huyu ataka mgonjwa arudishwe nyumbani, yule ataka matibabu yaendelee. Basi, ndugu msomaji, na tutazame tarakimu hizo zina maana gani.

Damu hutiririka ndani ya mishipa, na penye jeraha huganda. Kuganda huko hutegemea chembe ndogo zinazokusanyika penye jeraha, pamoja na nyuzi za protini iitwayo fibrini, zinazofumana mfano wa wavu wa mvuvi. Jeraha linapopona, mwili huukata wavu huo vipande vipande. Kimojawapo cha vipande hivyo, kinachobaki kikielea katika damu, ndicho kiitwacho D-dimeri. Mabaki hayo yakiwa mengi, ni ishara kwamba mahali fulani mwilini nyavu zinafumwa na kukatwa kwa wingi.

Maambukizi makali yanapoenea mwilini, mizani hiyo huweza kuharibika. Madonge madogo hutanda katika mishipa myembamba, yakazuia damu kufika kwenye figo, mapafu na viungo vingine. Ajabu ni kwamba mgonjwa huyo huyo aweza pia kuvuja damu, kwa kuwa vya kugandishia vimekwisha kutumika. Ndiyo sababu madaktari hutazama vipimo vinne kwa pamoja: idadi ya zile chembe, muda ambao damu huchukua kuganda, kiasi cha fibrinojeni ambayo ndiyo mali ghafi ya wavu, na mabaki ya D-dimeri. Chembe zikizidi kupungua na muda wa kuganda ukizidi kurefuka, hatari huwa imekaribia.

Mnamo Machi 2020, madaktari wa Wuhan, nchini China, walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 191 wa Korona wa hospitali mbili. Kati yao, 172 walikuwa na kipimo cha D-dimeri cha walipolazwa. Wagonjwa 72 walikuwa na kiwango kilichozidi mikrogramu 1 kwa mililita, na 44 miongoni mwao walifariki. Katika wale 100 waliosalia, waliofariki ni 10. Tofauti hiyo ni kubwa, na hapana daktari mwangalifu atakayeipuuza. Lakini tusome upande wa pili pia: wagonjwa 28 waliokuwa na kiwango cha kutisha walipona, na 10 waliokuwa na kiwango cha chini hawakupona. Kipimo hueleza hali ya kundi. Hakitaji jina la atakayekufa.

Wala kuiona hatari si sawa na kuwa na dawa yake. Wengi walidhani kwamba, maadamu damu inaganda kupita kiasi, dozi kubwa ya heparini, dawa ya kuzuia kuganda, ingewaokoa waliozidiwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dozi hiyo iliwafaa wagonjwa wa Korona waliolazwa kabla ya kuwa mahututi. Waliokwisha kuwa mahututi haikuwazidishia nafuu kuliko dozi ya kawaida ya kinga. Kwa hiyo mtu asimpe mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ushauri wa jirani; yaweza kumvujisha damu.

Jamaa wa mgonjwa na amuulize daktari maswali matatu. Je, kipimo kinapanda au kinashuka tangu jana? Je, figo, mapafu na moyo vinafanyaje kazi? Je, kuna sababu nyingine ya kupanda huko? Kwani D-dimeri hupanda pia kwa uja uzito, upasuaji, saratani, majeraha na hata umri mkubwa. Tena asilinganishe karatasi yake na ya mgonjwa mwingine kabla ya kutazama kizio, kwa sababu 0.5 ya maabara moja yaweza kuwa ndiyo 500 ya maabara nyingine.

Ajali ya mja iko kwa Mola wake, na elimu ya tabibu haidai kuijua. Ishara hizi zimewekwa ili daktari awahi, muuguzi akeshe, na jamaa wapate kuamua pamoja wakiwa na habari kamili. Familia inayokata tamaa kwa tarakimu moja imeisoma karatasi kabla haijamsoma mgonjwa.