Poni, Majani na Saa za Malisho

Poni wa asili wa Uingereza, wakiwemo wa Shetland, Dartmoor na milima ya Wales, ni farasi wadogo waliozoea vilima vyenye majani haba. Siku hizi wengi wao hufugwa kwenye malisho manono ya bondeni, na majira ya machipuko yakifika baadhi huanza kuchechemea kwa laminaitisi. Jibu la kawaida la wafugaji ni kupunguza saa za kulisha: badala ya kutwa kucha, saa tatu tu. Je, saa ndiyo kipimo kinachofaa?

Tuanze na ukwato. Mfupa wa mwisho wa mguu umening'inia ndani ya ukuta wa ukwato, ukishikiliwa na mamia ya vikunjo vyembamba. Vikunjo vya upande wa mfupa na vya upande wa ukuta vimefumana kama vidole vya mikono miwili. Laminaitisi ni kudhoofika kwa mfumano huo. Vikunjo vikianza kuachana, uzito wa mnyama huushusha mfupa, au ncha yake huinama kuelekea soli. Poni huegemea nyuma kuipumzisha miguu ya mbele, hugeuka kwa shida, na mapigo ya damu juu ya ukwato huwa na nguvu kuliko kawaida.

Majani yanaufikiaje ukwato? Kwa muda mrefu lawama zote ziliangukia utumbo: wanga mwingi ukifika utumbo mpana huvuruga bakteria, na sumu huingia kwenye damu. Hilo hutokea kweli, hasa farasi akivamia ghala la nafaka. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwatilia poni wenye afya insulini nyingi mfululizo, huku wakizuia sukari ya damu isishuke. Ndani ya siku tatu poni wote waliotiliwa insulini walipata laminaitisi, na majani hayakuhusika. Kwa poni wa malishoni, basi, njia kuu ni hii: sukari ya majani hupandisha insulini, na insulini hudhuru vikunjo. Poni mnene mwenye shingo iliyojaa mafuta mara nyingi hutoa insulini kupita kiasi kwa mlo ambao mwenzake angeumudu. Poni wazee wenye ugonjwa wa tezi ya pituitari, ambao manyoya yao marefu hayanyonyoki msimu ukibadilika, nao wamo hatarini.

Sasa majani yenyewe. Mchana jani hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, na kiasi chake hupanda hadi alasiri. Usiku mmea huitumia sukari hiyo kukua, kwa hiyo kabla ya mapambazuko huwa imepungua. Lakini baridi ikishuka chini ya nyuzi 5 hivi, ukuaji husimama na sukari hubaki pale pale. Ndiyo maana asubuhi ya umande ulioganda, hasa baada ya siku ya jua kali, ni mtego kwa anayefuata kanuni ya "asubuhi ni salama".

Aina ya majani nayo ina uzito wake. Raigrasi ya nchi za baridi huweka akiba ya sukari iitwayo fruktani, hasa kwenye mashina, na akiba hiyo inaweza kuwa kubwa sana. Majani ya nchi za joto, kama Rhodes na kikuyu, huweka akiba yao kama wanga ndani ya jani, na huko nafasi haizidi kiasi fulani. Kwa hiyo ratiba ya Uingereza haihamishiki kwenda Kitale, Kenya, saa kwa saa. Tena raigrasi za sasa si za vilima vya zamani: kituo cha utafiti cha Aberystwyth, Wales, kilichoanzishwa mwaka 1919, kimezalisha aina zenye sukari nyingi kwa ajili ya ng'ombe na kondoo. Wales, kwa hiyo, imetoa poni wa milima yake na pia jani lisilomfaa.

Turudi kwenye saa. Poni waliopewa malisho saa tatu kwa siku katika utafiti mmoja walifikia kula humo karibu asilimia 40 ya chakula chao cha siku, kikipimwa kikiwa kikavu, baada ya wiki sita. Walijifunza kula upesi. Kifuniko cha mdomo chenye tundu dogo chini ni kizuizi cha kweli zaidi: majaribio kwa poni wa Wales yalionyesha ulaji ukishuka kwa takriban asilimia 80 wakati kimevaliwa. Kikivuliwa, poni hufidia.

Kumshindisha njaa si dawa. Poni mnene asiyekula humwaga mafuta kwenye damu, na hali hiyo huweza kuua. Kiwango cha kuanzia kwa siku ni chakula cha asilimia 1.5 ya uzito wake, kikipimwa kikiwa kikavu, yaani kilo 3 kwa poni wa kilo 200, nacho kiwe hei iliyolowekwa majini na maji yake kumwagwa, kwa kuwa huondoka na sehemu ya sukari.

Kwa hoja hizi, saa peke yake ni kipimo kibovu. Poni ambaye ukwato wake bado unauma au insulini yake iko juu hafai kuonja majani kabisa. Padoki isiyo na nyasi na hei ndivyo vyake. Aliyepona aweza kutoka alfajiri hadi katikati ya asubuhi, amevaa kifuniko, isipokuwa siku za umande ulioganda. Kisha daktari wa mifugo ampime insulini akiwa ametoka kula kwenye malisho yale yale. Ikiwa juu, arudishwe padoki.